Kabla Hujafungua Mtungi: Niliyoyapitia na Naitrasi Kwenye Injini ya Gari

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, aliye Dar es Salaam, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Nimepata seti ya naitrasi kwa bei nzuri, mtungi upo, hosi zipo, kila kitu kipo. Nataka nifunge kwenye Altezza yangu. Nianze na jeti ya farasi wangapi?" Naitrasi ni gesi ya kuongezea injini nguvu, na jeti ni kitobo kinachopima kiasi chake. Niliusikiliza ujumbe mara mbili. Furaha iliyokuwa kwenye sauti yake naijua, niliwahi kuwa nayo, na swali lake ni lile lile nililouliza mimi mwaka 2016. Lilinigharimu injini nzima, fedha za bati la nyumba ya mama, na miezi kumi ya kuliangalia gari lililokufa chini ya turubai.

Jibu la sentensi moja lingemdanganya, kwa hiyo nimeandika yote, na wengine wenye hamu hiyo wasome.

Mimi nilikulia Tanga, nikashika spana kwanza kwenye gereji ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Tulifufua injini za dizeli ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Mjomba alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye bloku, anakuambia beringi ipi imekwisha. Nikajifunza kuiamini sauti ya injini. Nilipohamia Texas na kupata kazi ya ghala karibu na Dallas, nilikuja na masikio hayo, na nilidhani yatanitosha.

Mwaka 2015 nilinunua Chevrolet Camaro Z28 ya mwaka 2000. Injini yake ni LS1, V8 ya lita 5.7, kiwandani ilitoka na farasi 305. Nikaanza kuipeleka Texas Motorplex, uwanja wa mbio za robo maili ulioko Ennis, kusini mwa Dallas, uliofunguliwa mwaka 1986. Siku za wazi unalipa kiingilio, gari linakaguliwa, unavaa helmeti, unapanga foleni, unakimbia, unapewa karatasi yenye muda wako. Gari langu lilikuwa linatumia sekunde 13.6. Jioni moja Camaro ya rangi na mwaka kama yangu ilipita kwa 12.3. Nikamfuata mwenyewe kumuuliza amefanya nini kwenye injini. Akafungua nyuma, akanionyesha mtungi wa buluu.

Usiku ule sikulala vizuri.

Kabla sijaendelea niseme naitrasi ni nini, maana nimekutana na vijana wengi wanaodhani ni mafuta makali. Naitrasi oksaidi haiwaki. Ukiileta karibu na kiberiti haitashika moto wenyewe. Ni gesi yenye oksijeni nyingi: kwa uzito, asilimia 36 ni oksijeni, wakati hewa tunayovuta ina asilimia 23 hivi. Ikiingia kwenye silinda na joto likapita nyuzi 300 za Selsiasi, inavunjika na kuiachia oksijeni hiyo. Oksijeni ikizidi, unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa pigo moja. Nguvu inatoka kwenye petroli. Ni sawa na kupepea jiko la mkaa: upepo hauungui, mkaa ndio unaoungua. Tena naitrasi inatoka mtungini ikiwa kimiminika, na huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapopuliziwa kwenye njia ya hewa inaipoza hewa yote inayoingia. Wajerumani waliitumia kwenye ndege za Vita Kuu ya Pili ili injini zipumue juu sana angani, kwenye hewa nyepesi.

Sasa ushike jambo hili moja, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Oksijeni ikiongezeka na petroli isiongezeke kwa kiasi kilekile, moto wa ndani ya silinda unakuwa mkali kupita chuma kinavyoweza kuvumilia. Mtu akisema "naitrasi imeua injini yangu", mara nyingi kilichoiua ni petroli iliyopungua.

Niliagiza seti ya aina inayoitwa mvua, yaani ile inayopulizia gesi na petroli pamoja kwa nozeli moja mbele ya throto, mlango wa hewa wa injini. Kuna solenoidi mbili, yaani vali zinazofunguliwa kwa umeme, moja ya gesi na moja ya petroli, na kila moja ina jeti yake, kitobo kidogo ambacho kipenyo chake ndicho kinachoamua kiasi. Aina kavu inaleta gesi peke yake, na petroli ya ziada unaiomba kutoka kwenye injekta za gari kupitia kompyuta. Nilichagua ya mvua kwa sababu nilitaka kuona kwa macho kila kitu kinapita wapi. Nililipa dola 650. Hita ya mtungi, yenye kujiwasha na kujizima kufuatana na presha, ilikuwa dola 200 na kitu. Nikaiacha. Texas joto lipo la kutosha, nikajiambia.

Mke wangu alinikuta sakafuni sebuleni nimezungukwa na hosi. "Baba Zuhura, hizi ndizo zile za bati la mama?" Nikamwambia hapana, za bati zipo, hizi ni za ziada ya saa za usiku. Wakati ule ilikuwa kweli.

Kufunga kulinichukua Jumamosi mbili. Mtungi wa pauni 10 niliulaza nyuma kwa mwelekeo unaotakiwa: kichwa kimeelekea mbele ya gari na kimeinuka kidogo, lebo imetazama juu. Ndani ya mtungi mna mrija unaoshuka hadi chini kuvuta kimiminika, na ukiulaza vibaya utavuta mvuke, vipimo vyote viwe uongo. Nilifunga swichi ya kwenye throto, gesi isifunguke mpaka pedali iwe imekanyagwa yote. Nilifunga na swichi ya mizunguko: gesi ianze kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na ikate kwenye 5,900, kabla kikomo cha injini hakijafika. Hizo mbili usizifanyie uvivu. Uwanjani nimeona manifoldi ya plastiki, ile njia inayogawa hewa kwa silinda, ikipasuka vipande kwa sababu mtu alibonyeza kitufe injini ikiwa kwenye mizunguko midogo. Petroli na gesi vilijikusanya kwenye manifoldi, injini ikarudisha moto, boneti likanyanyuka. Kijana hakuumia, lakini kishindo kile kilinyamazisha watu wote.

Plagi nilibadilisha, nikaweka NGK TR6 ambazo ni za baridi zaidi, nafasi ya cheche nikaibana hadi milimita 0.9. Taimingi, yaani cheche inawahi kiasi gani kabla pistoni haijafika juu, ilikuwa digrii 27 kwenye throto iliyo wazi yote. Kanuni ya kuanzia inayotumiwa na wengi ni kurudisha digrii 2 kwa kila farasi 50 unaoongeza. Mimi nilikuwa naongeza 100, nikarudisha digrii 5, moja ikiwa ya akiba. Sababu ni kwamba mchanganyiko wenye oksijeni nyingi unaungua haraka, na ukiuwasha mapema kama kawaida, presha inafika kileleni wakati pistoni bado inapanda.

Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu kikubwa. Kosa lilianzia kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari.

Ilikuwa Februari, asubuhi ya baridi, mlango mkubwa wa gereji umefunguliwa ili moshi utoke. Gari likafungwa kwenye rola. Bila gesi lilitoa farasi 278 kwenye magurudumu. Fundi akafungua mtungi, akakanyaga, likatoa 361. Sensa kwenye ekzosi ilionyesha uwiano wa hewa na petroli 11.6 kwa 1, yaani petroli ya kutosha na ziada kidogo ya kupoza. Nilifurahi mno. Fundi akanionyesha geji ya kwenye mtungi: presha ilikuwa psi 700. Akaniambia vipimo hivi ni vya presha hii, na kwamba ninunue hita, mtungi ukae kati ya psi 900 na 950 kila siku, kisha nirudi tupime upya. Nikaitikia kwa kichwa tu. Nilimlipa saa mbili, dola 300, nikaondoka na karatasi yangu yenye namba 361.

Hapo ndipo nataka mpwa wangu asome polepole. Petroli inasukumwa na pampu, na presha yake inadhibitiwa. Kwenye LS1 ni psi 58, iwe Februari au Agosti. Gesi haina pampu. Inasukumwa na presha yake yenyewe, na presha hiyo inafuata joto la mtungi. Kwenye nyuzi 20 ni kama psi 735, kwenye nyuzi 30 inapita 900, na ikifika nyuzi 36 na kitu iko 1,050 na kimiminika kinakaribia kuacha kuwa kimiminika. Jeti haijabadilika, kitobo ni kilekile, lakini gesi inayopita imeongezeka huku petroli ikibaki palepale. Kwa hiyo mtu hajatuni gari lake kwa naitrasi. Ametuni gari lake kwa naitrasi ya presha fulani.

Camaro ya miaka ile ina kioo kikubwa nyuma kilicholala juu ya buti. Mtungi wangu ulikuwa chini ya kioo hicho.

Siku ya Agosti niliyokwenda Ennis joto lilikuwa nyuzi 38 kivulini. Tulipanga foleni juani karibu saa nzima. Mbio ya kwanza: sekunde 12.4. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Niliporudi kwenye nafasi yangu, mzee mmoja aliyekuwa jirani na Chevrolet Nova yake ya zamani akaniuliza kama nimetoa plagi kuziangalia. Nikasema nitaziangalia nyumbani. Akaniambia kwa upole kwamba nyumbani nitakuwa nasoma barua ambayo ilitakiwa nijibu hapa. Akarudi kwenye gari lake. Mbio ya pili: 12.3, sawa na ile Camaro iliyoninyima usingizi.

Mbio ya tatu, karibu na theluthi mbili ya njia, nilisikia sauti ndogo. Si kishindo. Ilikuwa kama mtu aliyeminya kopo la bati kwa mkono. Gari likaendelea, lakini kwa ulegevu, na kwenye kioo nikaona moshi wa buluu ukifunika njia yote nyuma yangu. Niliondoa mguu, nikafunga mtungi kwa swichi, nikaegemea ukutani. Walionijia mbio walidhani naungua. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mmoja wao ndiye aliyenifungulia kamba ya helmeti.

Masikio yangu ya Tanga hayakunisaidia. Dizeli inaanza kugonga wiki kadhaa kabla haijafa, inakuaga. Huku, kutoka uzima hadi kifo ni sekunde moja, na kelele za ekzosi zinafunika kila dalili.

Yule mzee ndiye aliyekuja na spana ya plagi. Tukatoa ya silinda namba 7, ya mwisho nyuma upande wa dereva. Akaifuta mafuta kwa kitambaa, akanipa lenzi ndogo ya kuvaa jichoni. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vingi vidogo vinavyometa, kama pilipili manga iliyosagwa, ila kila punje inang'aa. Ilikuwa aluminiamu. Pistoni yangu ilikuwa imejipulizia juu ya plagi punje kwa punje. Akatoa ya namba 5: vidoa vichache. Namba 1: hakuna. Kisha akanionyesha kwenye ule mkono wa chuma unaopinda juu ya plagi, mahali rangi inapobadilika kwa joto. Kwenye plagi nzuri mabadiliko yanakaa karibu na mkunjo. Kwenye yangu yalikuwa yamekimbilia chini hadi kwenye nyuzi za kufungia plagi. Akasema vidoa vile havikuzaliwa mbio ya tatu. Tangu ya kwanza vilikuwepo.

Niliangalia geji ya mtungi. Hata baada ya mbio tatu ilikuwa bado psi 1,150.

Kwa hesabu ya karibu, gesi inayopita kwenye jeti inaongezeka kufuata kipeuo cha pili cha presha. Kutoka 700 hadi 1,150 ni ongezeko la robo na zaidi. Robo nzima ya gesi bila tone la petroli la kuisindikiza. Lakini hata hilo halikuwa yote. Nilipolipima gari baadaye, niligundua kwamba hata petroli yenyewe ilikuwa pungufu. Pampu ilikuwa ile iliyotoka na gari kiwandani, na chujio sikujua lilibadilishwa lini. Gari likiwa limesimama, geji ilisoma psi 58 safi. Barabarani, gia ya tatu, throto wazi, bila gesi, ilishuka hadi 46. Pampu yangu ilikuwa na presha, haikuwa na wingi. Februari kwenye daino mbio zilikuwa fupi na presha ya gesi ndogo, kwa hiyo udhaifu wake haukuonekana.

Kulifungua bloku kulithibitisha. Kukandamiza hewa kwenye silinda namba 7 kulitoa psi 60, wakati nyingine zilikuwa 180 hivi. Pistoni ilikuwa nzima juu, lakini ule ukuta mwembamba kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa pili ulikuwa umemeguka kipande cha urefu wa ukucha. Pistoni za kiwandani za LS1 ni za kumimina, na ringi zake zina mwanya mdogo usiofika nusu milimita. Joto likizidi, ringi inatanuka, ncha zake mbili zinakutana, na kwa kuwa haina pa kwenda tena, inasukuma na kuvunja kilicho karibu. Ndiyo sauti ya kopo niliyoisikia.

Kwa nini namba 7 na si nyingine? Iko nyuma kabisa, kuna joto, na manifoldi ile ilitengenezwa ipitishe hewa peke yake. Ukiipitishia petroli iliyopuliziwa mbele, matone hayakati kona kama hewa, kwa hiyo silinda hazigawani sawasawa. Sensa ya kwenye ekzosi inakuonyesha wastani wa silinda zote, haikuambii kuna moja inayokufa. Ndiyo maana plagi lazima zisomwe zote nane.

Sasa fedha, maana wengi wanaosimulia mambo haya wanairuka sehemu hii. Pistoni nane zilizofuliwa pamoja na ringi, dola 780. Kusafisha na kusugua bloku, 400, na bloku hili halikubali kuchongwa sana kwa sababu kuta zake za chuma ni nyembamba. Kusawazisha krenki na pistoni mpya, beringi, gasketi, bolti za hedi ambazo hazirudiwi mara ya pili, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, chujio, waya mpya, hita niliyoikataa, daino tena. Jumla ilifika dola 3,900, na kazi ya mikono ilikuwa yangu mwenyewe. Dola 1,200 kati ya hizo zilikuwa za bati. Nilizichukua nikijiambia nitazirudisha kabla ya masika. Masika yakaja. Mama alinipigia kuniambia ameweka ndoo mbili chumbani na kwamba nisijali, mvua si kubwa. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akisikia. Simu ilipokatika akaniambia, "Baba Zuhura, mpigie tena mama, mwambie ukweli." Nilimpigia. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama niliumia. Bati lilipauliwa Novemba, na kati ya yote niliyoyapitia, wiki zile za mvua ndizo ninazozikumbuka kwa uchungu.

Kujenga upya kulinifunza subira. Kazi niliyoipenda kupita zote ni kukata ringi. Unachukua ringi moja, unaiingiza kwenye silinda yake, unaisukuma chini kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, kisha unapima mwanya kwa fila geji. Haujatosha, unaitoa, unaizungusha tupa ya mkono mara tatu nne, daima ukisugua kutoka nje kwenda ndani ili uso usimenyeke, unafuta chenga, unairudisha. Kwa silinda ya milimita 99 na naitrasi nililenga milimita 0.66 kwa ringi za juu. Ringi kumi na sita, jioni tatu. Ukizidisha hakuna kurudi, na ringi haiuzwi moja.

Upande wa petroli niliupima kama nilivyotakiwa kuupima mwanzo. Toa hosi ya petroli kwenye nozeli, acha jeti mwishoni mwake, elekeza kwenye chombo cha chuma chenye mdomo mpana, fungua solenoidi ya petroli peke yake, na usome presha petroli ikiwa inatiririka. Presha ya kusimama haina maana. Fanya nje, mbali na moto na sigara, injini ikiwa ya baridi, na mtu wa pili ameshika mtungi wa kuzimia moto. Pampu niliipa rilei yake na waya mnene wake kutoka kwenye betri, kwa sababu pampu nzuri iliyonyimwa volti ni pampu dhaifu. Nikafunga pia swichi ya usalama kwenye njia ya petroli: presha ikishuka, gesi inakata yenyewe. Inauzwa dola 40. Ingekuwepo Agosti ile, nisingekuwa naandika.

Nikarudi kwa fundi yuleyule wa daino na nikamwomba radhi. Tulianza na farasi 75, mtungi psi 950 kamili, tukapima, tukatoa plagi, tukasoma. Ndipo tukapanda hadi 100. Nilimuuliza kuhusu 150. Akasema injini itakubali, gia ya otomatiki ya gari hili ndiyo itakayokataa. Nikabaki na 100.

Kwa mpwa wangu na walioko nyumbani, kuna mambo ambayo Texas na Dar hazifanani. La kwanza ni petroli. Pampu za hapa zina oktani 93, yaani kipimo cha petroli kuhimili kugonga, na kwetu utasikia 93 pia, lakini si kipimo kimoja. Wamarekani wanachukua wastani wa vipimo viwili, sisi tunatumia kimoja kinachosoma juu, RON. Ile 93 ya Texas ni kama 98 kwa hesabu yetu. Kwa hiyo taimingi inayosalimika hapa inaweza kugonga huko, na injini ya Altezza ya 3S-GE yenyewe ina mgandamizo unaopita 11 kwa 1, mkubwa kuliko wa LS1 yangu. La pili ni kujaza. Mtungi hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, na geji haikuambii gesi iliyobaki, kwa kuwa presha inakaa palepale mpaka kimiminika kiishe. Pima uzito kabla na baada. Gesi ya magari ya hapa imetiwa salfa daioksaidi kidogo ili mtu asiivute, na usiivute ya aina yoyote: inaondoa oksijeni mwilini na watu wamekufa hivyo. Mtungi ukiwa ndani ya gari, kizibo chake cha usalama kiwe na bomba linalotoka nje. Na asikudanganye mtu kuupasha mtungi kwa moto wa gesi au mkaa, hata kidogo.

La tatu ni kwa wa Nairobi na Arusha. Mwinuko unaiibia injini hewa, Nairobi ni karibu moja ya tano, lakini hauibii naitrasi kitu, kwa sababu inatoka mtungini kwa presha yake. Jeti zilizolingana pwani zitalingana huko, ila farasi wa injini yenyewe ndio watakuwa wachache.

Nilimtumia mpwa wangu sehemu kubwa ya haya kwa sauti, vipande saba. Mwishoni nikamwambia swali la jeti tuliweke kando. Anitafutie namba moja tu: presha ya petroli kwenye reli ya injekta, gia ya tatu, throto wazi yote, mpaka mizunguko ya mwisho, kwenye barabara ya peke yake na mtu mwingine akisoma geji. Alikaa kimya siku nne nikadhani nimemkatisha tamaa.

Juzi ameleta video. Rafiki yake ameshika simu, geji imefungwa kwa tepu kwenye kioo cha mbele, hosi imepita chini ya boneti. Injini inapanda, sindano inaanza vizuri, kisha mizunguko ikikaribia mwisho inaanza kuteremka taratibu. Chini yake ameandika: "Mjomba, inashuka. Naanza na pampu?"

Nimemjibu aanze na chujio, ni rahisi zaidi, kisha apime tena.